Uliza Mzee wa Njia: Probox ya hela ya korosho, au niendelee na basi?

Mtwara kuchele, Lindi hamjambo! Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kimoja na wala sishangai, minada ya korosho imepita, hela zimeingia benki, na kila mwenye gari bovu kaliosha kalipaki barabarani na kikaratasi kwenye kioo. Nimechagua barua nne. Kwa wale wageni wa ukurasa huu, mimi nimekuwa utingo, nikawa konda, nikaja kuwa dereva wa basi njia hii hii ya kusini toka enzi za kivuko cha Ndundu pale mto Rufiji mpaka magoti yalipogoma, sasa hivi nakaa zangu Mikindani natazama bahari na kujibu barua zenu.

Shikamoo Mzee wa Njia. Mimi ni mwalimu hapa Lindi mjini, mume wangu anafanya kazi Mtwara, watoto wawili ninakaa nao mimi huku. Kila Ijumaa mchana tunapanda gari kwenda Mtwara, Jumapili tunarudi. Kwa kweli nimechoka mzee. Kusubiri gari lijae pale stendi na jua lile, mtoto mdogo inabidi nimpakate safari nzima maana konda anasema huyu hajalipiwa siti, na Jumapili jioni ndio balaa, magari machache watu kibao. Msimu huu korosho za baba zimelipa akanigawia kidogo, na kuna Probox inauzwa na mtu tunayemfahamu. Mume wangu anasema nikinunua tutaokoa nauli, na nikibeba abiria watatu njiani hela ya mafuta inarudi yote. Ila shoga yangu kazini kanunua IST mwaka juzi na sasa hivi anakuja kazini na bodaboda, gari imepaki nyumbani. Nishauri.
*Mwalimu, Lindi*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikaona mumeo kakupigia hesabu ya mafuta kaacha hesabu nyingine zote, basi tuanze na hiyo hiyo anayoipenda.

Lindi mpaka Mtwara ni kilomita kama 105, kwenda na kurudi 210. Probox iliyotunzwa ukiiendesha kistaarabu itakupa kilomita 13 hivi kwa lita, kwa hiyo unataka lita 16 na kidogo. Bei ya mafuta inabadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza, ila tuchukue 3,000 kwa lita tusichoshane, hapo ni elfu 48. Sasa nauli. Viwango vya LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, vilivyotangazwa mwishoni mwa 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la kawaida, yani kwenda ni elfu tano na kitu, kwenda na kurudi elfu kumi na kitu kwa mtu. Mko watatu, na hata ukimlipia huyo mdogo siti yake nzima ni kama elfu 30. Kwa hiyo basi bado liko chini kwa elfu 17 au 18 kila wikiendi, na tukisema wikiendi 40 kwa mwaka umemwaga karibu laki saba kwenye mafuta peke yake. Gari linakuja kulingana na basi mkiwa ndani wanne kwenda watano. Na hapo sijagusa bima, ile ndogo tu ya third party ya 118,000 kwa mwaka, sijagusa oili na filta, sijagusa matairi, sijagusa fundi ambaye unampelekea mlio mmoja anakurudishia miwili. Kilichopungua ni ile roadi laisensi ya kila mwaka, ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo siku hizi unailipa kidogo kidogo pale sheli bila kuiona.

Umegundua kitu lakini? Kero ya mtoto kupakatwa dawa yake ni elfu kumi. Mlipie siti. Najua inauma kumlipia mtoto wa miaka minne nauli ya mtu mzima ila ukishamlipia ile siti ni yake, na konda akianza maneno unamwonyesha tiketi, tena ukae nayo mkononi usiitie kwenye pochi. Na Jumapili usingoje jioni, mimi nimekuwa konda, gari la saa kumi jioni Jumapili ndio gari tunalolipenda sisi, maana abiria wa saa hiyo hana pa kwenda, anapanda hata ukimwambia akae juu ya tairi spea. Ondoka saa saba mchana, utalalamikiwa nyumbani kwamba hujashinda vizuri ila utafika umekaa.

Sasa hilo la kubeba abiria. Hapo mwanangu nakuomba usiguse kabisa. Gari binafsi plate yake njano, ya biashara nyeupe, trafiki hahitaji miwani kuona mama na watoto wawili na wanaume watatu wana mabegi hawafanani hata mmoja. Lakini faini ni kitu kidogo. Kikubwa ni bima, maana bima ya gari binafsi haimtambui abiria aliyekulipa nauli, siku ikitokea la kutokea pale kwenye kona unabaki wewe na ndugu wa majeruhi mnatazamana, na mshahara wa ualimu naujua ulivyo. Mumeo mwambie hivyo hivyo kama nilivyosema, na kama hataki kusikia aje Mikindani nimwambie mwenyewe.

Afu kuna hesabu nyingine ambayo sijawahi kuona mtu anaiandika popote. Mimi nilinunua Corolla yangu mwaka niliyoacha basi, nikajua sasa napumzika. Wiki ya kwanza mtaa mzima wakaja kunipongeza, wiki ya pili wakaanza kuja na shida. Mama mjamzito saa nane usiku, twende hospitali ya Ligula. Msiba Nanyamba, wazee watano hawawezi kupanda bodaboda, twende. Watoto wanatoka jandoni, kila gari ya ukoo lazima iwepo kwenye msafara na ipigwe honi mtaa mzima, twende, na kwenye msafara ule unatembea mwendo wa kobe gia ya kwanza masaa mawili injini inachemka huku watu wanacheza mbele yako wamefurahi. Hakuna anayekuuliza una mafuta. Ukisema huna wanajua unaringa, na ukisema gari mbovu basi bora uwe umefungua boneti kweli. Hata mkwe wako atakuja kukuambia tu Jumamosi kuna shughuli Mtama, wala hatamalizia sentensi.

Sisemi kwa kulalamika. Kuna mtoto wa jirani alizaliwa siti ya nyuma ya ile Corolla kabla hatujaona geti la hospitali, leo yuko darasa la nne na ananiita babu. Kile kitu basi haliwezi kukupa. Ila wakati unaangalia ile Probox ujue unanunua gari la wote, na mafuta yake ni ya kwako peke yako.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kama unanunua ili uokoe nauli, usinunue, hesabu haiko, nimekupigia hapo juu na unaweza kuirudia mwenyewe wewe ni mwalimu. Kama unanunua kwa sababu umechoka, sema nimechoka, nunua, na hela ya kuliendesha uitenge kutoka mshahara kila mwezi kabla haijapita kwenye macho ya mtu, maana korosho zitalinunua ila hazitaliwekea mafuta mwezi wa nne. Nadhani shoga yako amekwama hapo hapo, gari zima halina hela ya matairi. Kamuulize taratibu, usimwambie nimesema mimi. Na hiyo Probox usiichukue kwa kuwa mnamfahamu muuzaji, tena ukimfahamu ndio mbaya zaidi kwa sababu utaona aibu kuita fundi alitazame. Ita fundi. Asubuhi, gari likiwa limelala baridi, aliwashe yeye.

Mzee mambo? Mi nafanya biashara ya vifaa vya simu, natoka Newala kwenda Masasi karibu kila wiki. Gari kubwa la asubuhi likikuacha ndio limekuacha, ila michomoko, vile vigari vidogo vya kubeba abiria, ipo muda wote, inajaa chap na inakimbia. Tatizo wanatubana, mbele wawili pembeni ya dereva, nyuma wanne, na ule mlima wa kushuka unaujua. Ni hatari kweli au ni uoga wa wazee tu?
*Kijana wa simu, Newala*

Kwanza mzee haambiwi mambo, mzee anaamkiwa. Nimekusamehe kwa kuwa umeuliza swali la maana.

Gari ile ina mikanda mitano pamoja na wa dereva. Nyinyi mko saba, kwa hiyo wawili hata wakitaka kufunga hawana cha kufunga, na yule wa mbele aliyekalia katikati anakaa juu ya hendibreki, yani siku dereva akiihitaji itabidi amwombe abiria asogee kwanza. Ila mimi kinachonitisha zaidi ni breki zenyewe. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, kushuka kule ni mteremko mrefu, gari la watu watano lenye watu saba na mabegi yako ya chaja linasukumwa na uzito ambao breki hazikutengenezewa, dereva akikanyaga muda mrefu zinapata moto, pedeli inaanza kuwa laini kama anakanyaga godoro, na hapo ukisikia harufu ya kitu kimeungua ni hizo hizo. Dereva anayejua kazi anashuka na gia, utasikia injini inalia lia, usiogope, ule mlio ndio uhai wako. Wa kuogopa ni yule anayetia frii mlima unapoanza ili aokoe mafuta, gari linakuwa kimyaaa, linateleza zuri, abiria wanasinzia. Huyo mwambie ashike gia, akikataa shuka. Ndio, shuka, utapata nyingine, si umesema ipo muda wote?

Ukiona lazima upande mchomoko basi lipa siti mbili nyuma, pakana na mlango, funga mkanda, na wenzako wakikucheka wacheke. Na usidhani nasifia mabasi, mimi mwenyewe nimewahi kuapa mbele ya trafiki kuwa gari langu ni levo siti, hakuna aliyezidi siti, kisha kilomita tatu mbele nikatoa ndoo za rangi kwenye buti nikazipanga katikati ya korido, watu wakakaa mpaka Masasi. Mungu anisamehe. Tofauti ni kwamba basi lina breki za kubebea uzito huo na siku hizi lina kifaa cha kulifuatilia mwendo, akizidisha LATRA wanaona kwenye kompyuta yao, wakati yule wa mchomoko anayemwona akikimbia ni wewe peke yako.

Shikamoo mzee wetu. Niko Dar, Mbagala, nimeoa Mtwara. Mwisho wa mwaka nataka kuja ukweni na mke na watoto wawili. Nina RAV4 ya zamani kidogo lakini nzima. Mke anataka basi apumzike, mimi nataka kuja na gari. Halafu nilikuwa nawaza nitoke usiku saa nne nifike alfajiri, barabara inakuwa tupu. Unaonaje?
*Shemeji wa Mtwara, Mbagala*

Marahaba shemeji. Wewe hapa hesabu iko upande wako kuliko ya Mwalimu, kwa sababu mko wanne. Dar mpaka Mtwara kilomita 560 hivi, RAV4 nimpe kilomita 10 kwa lita, lita 56, kwa ile 3,000 yetu ni 168,000. Basi la kawaida kwa viwango vile vile ni kama elfu 27 kila mtu, wanne ni 108,000. La daraja la kati ni 67.84 kwa kilomita, kama elfu 38, wanne ni 152,000. Kwa hiyo mke akisema basi zuri lenye AC mnakaribia kulingana, na ukifika Mtwara unalo gari la kuzungukia ukweni badala ya kukodi bajaji kwenda kusalimia shangazi wa Shangani, shangazi wa Chikongola na yule wa Mikindani ambaye usipofika kwake ni kesi. Njoo na gari. Mkeo mwambie atalala siti ya mbele.

Ila usiku hapana. Najua mabasi yanatembea usiku tangu Oktoba 2023, na najua unafikiria kama basi linaweza kwa nini mimi nisiweze. Basi la safari ndefu linatakiwa liwe na madereva wawili, mmoja analala mwenzake anaendesha. Wewe uko mmoja na umetoka kazini siku hiyo hiyo. Na barabara tupu unayoiwaza sio tupu, ina baiskeli iliyobeba magunia haina taa, ina lori limeharibika limewekewa matawi ya miti badala ya pembetatu, ina bodaboda anayetumia tochi ya simu. Ukishapita Nangurukuru kuja Lindi kuna mapori marefu, pancha pale saa tisa usiku na watoto ndani utaniandikia barua nyingine.

Toka Mbagala saa kumi na moja alfajiri. Jua likitoka umeshaiacha Mkuranga. Kwenye vijiji ni 50, na vijiji vya njia hii vimejipanga kama shanga, Ikwiriri, Muhoro, Somanga, ukidhani umemaliza kinakuja kingine, na tochi za trafiki za kupimia mwendo zinakaa pale pale unapodhani umemaliza, faini 30,000 na unapewa namba ya malipo kwenye simu. Matuta nayo mengine hayana alama, dawa yake ni kumfuata mwenye lori anayeijua njia, akiwasha breki na wewe ujue. Chai kunywa Nangurukuru. Pweza wa Somanga nunua ila mfunge vizuri kwenye mfuko, gari lililokaa na pweza likafungwa vioo halisahau.

Daraja la Rufiji ukilivuka waonyeshe watoto. Ni mita 970, lilifunguliwa 2003, linaitwa Mkapa, ambaye kwao ni Lupaso kule Masasi, kwa hiyo ni mtu wetu. Kabla yake pale Ndundu tulipanga foleni ya kivuko, na kifuku, yani mvua za masika, kikianza kivuko chenyewe sio tatizo tena, tatizo ni udongo mweusi mbele yake. Nimeshawahi kukaa siku nne na abiria 60, tumekula muhogo wa kununua vijijini mpaka wenye muhogo wakatupandishia bei, na mtu mwenye haraka enzi zile alisubiri meli. Leo watu wananilalamikia kuhusu AC, nacheka tu.

Lakini maji hayajaacha kazi. Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ilikatika kule Somanga, mawasiliano na Dar yakasimama, magari pande zote mbili yanatazamana. Mito ile inatoka bara inakuja kwenye tambarare, mvua inaweza isinyeshe kabisa ulipo wewe na maji yakakukuta. Mwisho wa mwaka kwa kawaida bado hayajachanganya, ila siku moja kabla mpigie simu mtu wa Kilwa umuulize njia ikoje, na kama kurudi kwako kutaangukia siku mvua imekaza, acha gari kwa mkwe, panda basi, utalifuata. Afadhali gari likae ukweni kuliko likae kwenye maji. Na hakikisha spea ina upepo, watu wengi wanabeba jeki na tairi spea lenyewe limelala toka liliponunuliwa.

Salaam aleikum mzee. Mjukuu wangu yuko Mtwara chuo. Nataka nimpelekee kuku wawili na kidumu cha asali. Kijana wa jirani ana gari anasema nimchangie mafuta elfu 30 anipeleke. Ama nipande basi hapa Mtama? Na kuku wanaruhusiwa?
*Bibi, Mtama*

Waaleikum salaam bibi. Elfu 30 kwa kuku wawili, kuku hao watakuwa wameuzwa mara mbili. Huyo kijana ana safari yake Mtwara, anatafuta wa kumlipia. Simama barabarani asubuhi, magari ya kutoka Masasi yanapita hapo hapo, na bibi mwenye kuku huwa anapewa siti hata kama basi limejaa, konda asipokupa abiria watapiga kelele mpaka akupe. Kuku wanaenda kwenye buti ndani ya tenga lenye matundu, usikubali wafungiwe kwenye mfuko wa sandarusi maana utafika na nyama. Hela ya mzigo elewana na konda kabla hujapanda, akitaja kubwa mwambie basi sipandi, hatakuacha. Asali usiitie kwenye buti, pakata mwenyewe na kifuniko ukizungushie nailoni, mimi nilishawahi kusafisha basi lililomwagikiwa asali, sisimizi walitukuta Mnazi Mmoja ya Lindi.